Mgonjwa wa Kompyuta na Fundi wa Mawe

Ruiru

Baba Halima, mume wangu,

Salamu zangu zikukute huko Voi ukiwa mzima, wewe na watoto. Kifua cha Halima kimepoa? Mimi niko salama, ila baridi ya asubuhi ya huku bado inanishinda.

Kwenye simu ulisema sauti yangu imechoka, na kweli nilikuwa nimechoka. Chuoni Thika wametuletea kompyuta. Kabla hujapelekwa kwa duka la dawa, lazima uhudumie wagonjwa walio ndani yake: mgonjwa anaeleza shida kwa maandishi, unamuuliza maswali, halafu unachagua dawa. Vijana walibonyeza haraka. Mimi, mama wa watoto watatu, nilitafuta herufi moja moja. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee wa kuumwa magoti. Nikampa aspirini papo hapo. Kompyuta ikaandika kwamba ametapika damu akafa, kwa kuwa alikuwa na vidonda vya tumbo na sikumuuliza.

Nilitaka kutoka darasani. Mwalimu wetu, Bi Wangari, akanishika bega. "Huyu hazikwi, Mama Halima. Rudia mpaka uzoee kuuliza."

Nikarudia, jioni baada ya jioni.

Sasa niko Ruiru kwa mazoezi, katika duka la dawa la Bwana Kariuki. Jumanne aliingia fundi wa mawe, ameshika kiuno. "Nipatie aspirini. Ndizo nameza kila siku."

"Na tumbo liko aje?"

"Nimekuja na mgongo, wewe unauliza tumbo?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Nikamvuta kando, nikamuuliza choo chake ni cha rangi gani. "Cheusi," akasema kwa sauti ya chini. "Kama lami."

Nikamwambia simuuzii. Alikasirika sana, lakini Bwana Kariuki aliposikia alifunga duka, akampeleka hospitali kwa gari lake. Walikuta anavuja damu tumboni. Ameongezwa damu na anaendelea vizuri. Jana mkewe alikuja, akanishika mikono yote miwili.

Nisalimie dada yako anayetulelea watoto, na jirani yetu fundi cherehani. Mama yako, anayesema nimezeeka mno kurudi masomoni, mwambie kwa heshima kwamba nitamaliza.

Bi Wangari ameniomba nibaki likizo niwafundishe wa mwaka wa kwanza kutumia kompyuta. Nimemwambia likizo ina wenyewe, nao wako Voi.

Mkeo akupendaye,
Mama Halima