Nimemtoa Wifi Nyumbani, Kishale Bado Kinaruka

Mshauri wetu mpendwa, pole na kazi ya kubeba shida za watu, naomba unisaidie na mimi maana nimefika mahali sijui nishike lipi niache lipi. Mimi ni mke wa mtu, nina miaka thelathini na sita, ni katibu muhtasi katika ofisi ya kusambaza maji, huu mwaka wa kumi na moja, na kazi yangu kubwa ni kuandika kumbukumbu za vikao, ambazo mara nyingi nazimalizia nyumbani kwa laptopu ya ofisi, pale pale kwenye meza ya kulia chakula, na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunirudishia hata karatasi moja.

Mwezi wa tatu alikuja kukaa kwetu mdogo wake mume wangu, wifi yangu, anayesomea uuguzi, na kwa tabia sina la kumsema, ni binti mtulivu, anaosha vyombo kabla hajaambiwa, mume wangu akaweka intaneti nyumbani kwa ajili ya masomo yake na mimi kwa moyo mweupe nikawa namwazima laptopu. Basi hazikupita wiki tatu kishale cha kwenye kioo cha laptopu kikaanza vituko. Naandika mstari wa kwanza, chenyewe kinarukia mstari wa tisa na maneno yanajipachika huko, mara ukurasa unajifunga, mara aya nzima inajipaka bluu na nikigusa herufi moja inafutika yote, na kidole changu nimekiinua juu, mshauri, kiko hewani, naapa. Nilikifuta kile kibao cha kupapasa, kinachosogeza kishale, kwa kitambaa kikavu, nikanawa mikono kwa sabuni, nikanunua kipanya, kishale kikaendelea kuruka huku kipanya kimelala mezani kama kilichokufa.

Kumbukumbu za kikao cha bodi zikatoka zimeandikwa, "Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe vilivyoziba tangu Februari kwa kuhudhuria," maneno ya vyoo vya ghorofa ya pili yamemhamia mwenyekiti, na bodi nzima ikasoma, na meneja akaniita akaniuliza, "Katibu, hivi unasoma unachoandika?" nikapewa barua ya onyo, ambayo niliagizwa niichape mwenyewe. Niliichapa mara nne.

Ndipo nikamwandikia ujumbe fundi wa kompyuta wa ofisini, ambaye yuko likizo, nikamweleza yote, akanijibu kwa maneno machache ambayo nayanakili kama yalivyo: "Huenda ni wifi. Toa wifi kwanza, halafu jaribu tena."

Mshauri, nilikaa kitako. Sikuwahi kumtajia fundi habari za wifi yangu. Nikasema, kama mtu aliye mbali ameliona, mimi ninayelala naye ukuta kwa ukuta nafumba macho ya nini. Nikamwita jikoni nikamwambia, "Wifi, usinielewe vibaya, mtaalamu amenishauri utoke kwanza, tuone." Akaniuliza, "Tuone nini, wifi?" Nikamwambia, "Kishale." Alikausha mikono, akafungasha, akahamia kwa mwenzake wa chuoni ambako wanalala watatu kitanda kimoja.

Siku mbili mashine ilitulia, nikamshukuru Mungu na fundi. Siku ya tatu kikaanza upya, tena kwa kasi zaidi. Mume wangu hajanigombeza, afadhali angenigomba, ananisalimia tu, "Habari za asubuhi, katibu," anakunywa chai amesimama, anatoka. Mama mkwe naye ametuma salamu kwamba anakuja mwisho wa mwezi kumwona binti yake.

Naomba kuuliza, je, inawezekana wifi aliniachia kirusi kwa makusudi? Na mama mkwe akija nimwambie nini? Halafu nyongeza ndogo, sijui kama ina maana, laptopu siku hizi haikai sawa mezani, inayumba kama kiti chenye mguu mfupi, kile kibao kimeinuka upande mmoja hata hakibonyezeki, na tumbo lake lina joto, kwa hiyo nikimaliza kazi huwa naifunga na kuigandamiza kwa kamusi mbili ili inyooke. Namba yangu ya simu nimeiweka chini, usiichapishe.

Ni mimi, katibu niliyechoka.

JIBU

Katibu, barua yako ina kurasa tatu, na jambo la maana kuliko yote umeliweka mwishoni ukaliita nyongeza ndogo. Nilipofika kwenye kamusi nilimwita fundi anayetutengenezea kompyuta hapa gazetini, nikamsomea. Hakusubiri nimalize. "Huyu dada ameacha namba? Mpigie sasa hivi."

Ndiyo maana ulipata simu yangu ukiwa kazini, na kwa faida ya wasomaji nitasema tuliyozungumza. Nilikuuliza mashine iko wapi, ukasema nyumbani. Nyumbani wapi? Kitandani. Inafanya nini? Inachaji. Kuna nini juu yake? Ukasema, "Kamusi."

Ulifanya vizuri kumpigia mumeo, naye alifanya vizuri zaidi kuacha kazi yake akakimbia kuichomoa. Fundi wetu ameifungua. Betri imevimba kama mkate uliozidishiwa hamira. Inakaa chini ya kile kibao, na ilipovimba ikawa inakisukuma kwa ndani, na kila ilipokisukuma mashine ikadhani ni kidole chako. Basi. Hakuna kirusi, hakuna mkono wa mtu. Zile siku mbili za utulivu umeniambia mwenyewe zilikuwa za mapumziko na hukuiwasha. Betri ya namna hiyo ikiendelea kuchajiwa na kugandamizwa, huwaka. Ulikuwa unatandika moto kitandani kwako, dada yangu, na kuuwekea uzito.

Na fundi wa ofisini haijui familia yako. Alimaanisha intaneti ya hewani, ambayo nayo huandikwa wifi. Alitaka uizime kwanza ajue kama kuna anayeiendesha mashine yako kwa mbali. Alikosea kuhusu ugonjwa, lakini hakumfukuza mtu. Kuuliza si ujinga: ungemwandikia, "Wifi yupi?" angecheka na kukujibu. Hukuuliza kwa sababu jibu ulikuwa nalo, ukawa unatafuta wa kulitilia sahihi. Naelewa. Miaka kumi na moja bila doa, halafu vyoo mbele ya bodi, inauma. Lakini aibu yako umemtwisha binti aliyekuoshea vyombo, na anasoma huku amebanwa kitandani na watu wawili.

Sasa nisikilize. Mashine isiwashwe mpaka ipate betri mpya. Ile iliyovimba usiitoboe, usiitupe jalalani, mwachie fundi. Siku nyingine ukiona kitu cha umeme kimevimba, zima, chomoa, kiweke kwenye saruji mbali na nguo, na kamusi uziache rafuni. Fundi atakupa karatasi yenye maelezo yake. Mpelekee meneja, na uombe kwa maandishi barua ya onyo iangaliwe upya. Maombi hayo uyachape kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na uyasome kwa sauti kabla ya kutia sahihi.

Mama mkwe hana la kuambiwa na wewe kabla binti yake hajaambiwa. Nenda leo ukitoka kazini, nenda mwenyewe, usimtume mumeo na usiandike ujumbe, maana ujumbe umeshakuponza. Ukifika, omba msamaha kwanza, umalize, ndipo utaje betri. Ukianza na betri, wifi yako atajua umemfuata kwa sababu mkosaji amepatikana, na kwamba asingepatikana, ungemwacha huko huko.