Kitambaa Chako na Mapazia ya Shangazi

Katesh, Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hata habari za mgongo wako, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: nimekuwa nikidanganya humu ndani. Kila mapazia ya Shangazi yanapogoma, Kaka Emanueli anapiga simu kutoka Dar es Salaam kuuliza kulikoni, na mimi namjibu, "Umeme, Kaka." Si umeme, Mama. Ni kitambaa chako.

Ngoja nikueleze taratibu. Mgongo unaendeleaje? Viazi mmeshachimba? Na yule kondoo aliyekuwa anachechemea? Mimi mwili ni mzima na shule inaendelea, ila nimechoka. Siyo kuchoka kwa jembe, uchovu huo naujua. Ni kuchoka kwa kukaa na neno mdomoni.

Unakumbuka Shangazi alivyoanguka akiwa amepanda kigoda avute pazia la dirisha kubwa. Nyonga haikupona vizuri, ndiyo maana Kaka akaja kumfungia mapazia yanayoendeshwa kwa simu. Asubuhi Shangazi akiamka anabonyeza simu yake, pazia linapanda lenyewe, na Kaka huko Dar anaona kwenye simu yake kwamba mama ameamka salama. "Haya, mwanangu ameshaniona," Shangazi husema, ndipo anashuka kitandani. Yote hayo yanapitia kwenye intaneti ya nyumba, na intaneti inatoka kwenye kidude cheupe wanachokiita ruta.

Kaka alikiacha mezani sebuleni, wazi. Alipoondoka tu, Shangazi akasema, "Kitu cha thamani hakikai uchi." Unajua nyumba zetu, Mama. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, mpaka mtungi wa gesi una kitambaa. Akakiingiza kidude kwenye kabati la vyombo, nyuma ya masinia na mahotpoti ya wageni, akakifunika kwa kitambaa kizuri kuliko vyote: kile cheupe chenye maua mekundu ulichofuma ukanipa nimletee.

Mtandao haupenyi kwenye masinia. Na humo ndani, chini ya kitambaa, kidude kinapata joto kama mtoto mwenye homa, kisha kinajizima. Kwa kuwa maandishi ya kwenye simu ni ya Kiingereza na mimi ndiye ninayeyasoma, nimegeuzwa fundi. Nimezima, nimewasha, nimeingiza neno la siri mpaka vidole vinaliota. Siku moja Shangazi alipokwenda sala za jumuiya nikakitoa kabatini, nikakifunua. Mapazia yote yakapanda kwa pamoja, nusura nilie. Shangazi aliporudi akauliza, "Nani kamvua mgeni wangu nguo?" Akakirudisha.

Toka hapo, akilala mchana nafunua, nikisikia fimbo yake nafunika. Ndiyo maisha yangu hapa.

Utasema kwa nini sikumwambia. Ningeanzaje? Wewe ulinifundisha kwamba mgeni hapangi upya nyumba ya mwenyeji. Tena kila mtu akiingia hapa Shangazi anamwonyesha: "Hiki kafuma wifi yangu wa Tlawi. Mkono ule hauna mpinzani." Nimwambie zawadi yako ndiyo inayoharibu?

Jana asubuhi pazia halikupanda. Kidude kilikuwa kimejizima tena, Shangazi akabonyeza mpaka simu ikaisha chaji, Kaka akapiga asipate, akampigia jirani yetu mwenye duka, Mama Rehema. Huyo akaja mbio, mikono ina unga, na vijana wawili wa bodaboda nyuma yake.

"Mama Emanueli! Uko hai?"

Shangazi alikuwa anakula makande. "Kwani nimetangazwa?"

Walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu Kaka alikuwa bado kwenye simu ya Mama Rehema, sauti ya juu, wote tunasikia. "Mama, Pasaka nakuja kukuchukua. Siwezi kuishi roho juu kila asubuhi."

"Ukaniweke ghorofani niangalie ukuta?"

"Bora ukuta kuliko sakafu, Mama."

Wageni walipoondoka Shangazi akasukuma sahani, akatazama nje mlima ulivyojifunika wingu, kisha akaniambia polepole, "Paskalina, huu umeme ndio utakaonihamisha kwenye nyumba aliyonijengea mume wangu."

Nilitoka nikaenda kwa kuku. Sikuwa na la kuwafanyia, nilisimama tu.

Ndiyo maana nakuandikia. Nimekuwa nikiisukumia karatasi hii chini ya daftari la kemia kila akipita koridoni. Sasa nasikia tena fimbo yake, inakuja mlangoni. Nimechoka kufunika vitu, Mama. Naiacha hapa wazi.

Amesoma. Alivaa miwani, akasoma midomo ikicheza, nami naangalia sakafu. Alipomaliza akasema, "Kumbe umeme unaokatika humu ndani ni mimi."

Mimi nikasema, "Shikamoo, Shangazi."

"Shikamoo ya nini saa hizi? Tumeamkiana asubuhi. Njoo upokee masinia."

Akanipa moja moja. Akakitoa kidude, akakivua, akakitazama kinavyopepesa taa. "Kibaya hivi," akasema. Akatandika kitambaa chako juu ya meza, akakunjua kila ua, akakiweka kidude katikati. "Kama hakiwezi kuvaa, basi kikalie." Sijui kama alikuwa amekasirika. Kisha akasema, "Kaka yako akipiga, utapokea wewe. Umweleze yote, na aibu yangu usiiruke. Nyumba yangu sasa iko mdomoni mwako."

Mimi, Mama, ambaye hata kanisani siwezi kusoma somo.

Mwambie Baba shikamoo, na Bibi. Yohana aache kumpanda yule kondoo. Mwalimu wangu wa Kiswahili akipita, msalimie sana. Barua nitampa dada wa mitumba anayekwenda mnada wa Dongobesh.

Nakuombea mgongo upoe.

Mwanao,
Paskalina

Simu inaita. Shangazi hajainuka, ananitazama tu. Naenda, Mama.