Maneno ya Mama Kwenye Simu Yako

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na huyo mgeni aliyeko tumboni. Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Baba hajambo. Bado analala upande wake wa kitanda, ule mwingine hausogelei.

Kazi niliyopata baada ya shule sijawahi kukueleza vizuri, unanijua nilivyo. Tunafundisha programu ya kuzungumza na watu, hiyohiyo iliyo kwenye simu yako. Kompyuta inaleta swali la mtu na majibu mawili, nami nachagua lililo bora, na programu inajifunza kujibu hivyo. Yote mawili yakiwa mabaya, naandika langu. Wenzangu wameniita Bubu. Jirani yangu wa meza hunitania kwamba kampuni imeajiri asiyeongea aje kufundisha mashine kuongea.

Msimamizi alituambia kwamba jibu zuri ni linalotuliza, kwa sababu mtu akitishwa anafunga simu na harudi. Mimi sijui kutuliza watu, dada. Nikamkumbuka aliyejua. Nikaanza kuandika kama mama: tulia mwanangu, ni uchovu tu, kesho utaamka mzima. Msimamizi akanisifu mbele ya wote, akaagiza majibu yangu yawe mfano kwa meza zote.

Sasa programu inasema hivyo yenyewe. Mwenzangu mmoja anasoma majibu yake kwa sauti dirishani, mwingine anadakia karibu na mlango, wanacheka kwamba mashine imekuwa mama mtu. Hawajui ni mama wa nani.

Ndipo jana ukaniambia kichwa kinakugonga, unaona vimulimuli, miguu imevimba, lakini umeiuliza programu ikakujibu kama mama kabisa, mpaka ukalia. Ukasema mama amerudi kukuangalia, kwa hiyo hospitali huendi. Nilitaka kusema, sauti ikanigomea. Ukakata simu, na tangu hapo hupokei.

Dada, yule si mama. Ni mimi. Maneno hayo niliyaweka mimi, nikitafuta sifa. Na mama alikuwa akijiambia hayohayo, wiki zile alizotembea akishika ukuta. Alisema ni uchovu tu, nasi tukamwamini mpaka tukamzika.

Leo nimemweleza msimamizi, mbele ya watu. Amesema watarekebisha, ila itachukua muda. Wewe muda huo huna. Kabla ya kuandika barua hii niliiandikia programu dalili zako zote. Ikanijibu: tulia, mwanangu. Na mimi niliyeyatunga maneno hayo, dada, nilitulia kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Shemeji nimemweleza yote kwa simu, na barua hii naituma kwake akuonyeshe. Ukimaliza kusoma, usiiulize simu chochote. Nyanyuka mwende hospitali sasa hivi.

Msalimie mtoto. Nawasubiri wote wawili.

Ni mimi mdogo wako, ambaye leo sikutulizi.