Msindikizaji wa Mzee Sadoki

Mpemba, Tunduma
4 Mei 2025

Baba mpendwa,
Shikamoo. Hamjambo huko Ileje? Sisi wazima, ila vumbi la malori linatumaliza.

Simu unaikata kila nikitaja macho, basi naandika. Madaktari wa macho watapiga kambi Vwawa mwezi wa sita. Mzee Abrahamu alitolewa mtoto wa jicho, leo anatembea mwenyewe. Usipokwenda utapofuka kabisa. Hapa nawauzia Wazambia magodoro ambayo hawakutoka kwao kuyatafuta, lakini wewe miaka miwili nakubembeleza na umenishinda. Nenda, baba.

Mwanao,
Lusubilo

Ileje
18 Mei 2025

Mwanangu,
Marahaba. Tupo, mahindi yamekomaa. Mama yako anaandika, mimi nasema.

Kwanza unanitisha, halafu unaniletea Abrahamu. Tangu aanze kuona, anaona nini zaidi ya makosa ya wakwe zake? Mimi si Mzambia, na jicho langu si godoro. Njia ya kanisani naijua kwa miguu. Usiniandikie tena habari hizo.

Baba yako,
Watson

Lusubilo, hapa ni mama. Anadhani naandika salamu za shangazi yako. Jana alijimwagia uji wa moto mapajani, akasema kikombe kimetoboka. Nimechoka kumshika mkono huku najifanya simshiki. Fanya kitu.

Mpemba
25 Mei 2025

Mama,
Shikamoo. Pole na kazi. Hii usimsomee.

Baba ukimsukuma anakaza. Hapendi kuambiwa, anapenda kuombwa. Rafiki yake Mzee Sadoki naye ana mtoto wa jicho, naye amegoma. Mwombe baba amshawishi Sadoki na amsindikize Vwawa, kwamba eti Sadoki hamsikilizi mtu mwingine. Akishamhubiria mwenzake hadharani, mwenyewe atakataaje?

Mwanao,
Lusubilo

Ileje
8 Juni 2025

Mwanangu,
Hatujambo, namshukuru Mungu. Kila jioni baba yako yuko kwa Sadoki. “Utapofuka kabisa, Sadoki! Abrahamu si huyo anatembea?” Maneno yako yote kayafanya yake. Najiuma mdomo nisicheke.

Wanaondoka kesho, nami nawafuata na chakula. Ila mke wa Sadoki kaninong’oneza kwamba mumewe naye anatangaza eti anamsindikiza baba yako. Wazee hawa watatuua.

Mama yako,
Yunisi

Ileje
20 Julai 2025

Lusubilo,
Salamu baadaye. Naandika kwa mkono wangu.

Pale Vwawa muuguzi aliuliza mgonjwa ni nani. Nikamwonyesha Sadoki, Sadoki akanionyesha mimi. Tukabishana mpaka foleni nzima ikacheka. Nikamwambia mzee mzima haogopi jambo la nusu saa. Akasema, basi tangulia. Watu wote walikuwa wamenisikia, nikatangulia.

Barua zenu nimezisoma zote, na ile uliyokataza nisisomewe. Waongo wakubwa, wewe na mama yako. Nimekasirika na bado sijamaliza.

Lakini lililoniumiza ni jingine. Siku ile walipofungua bandeji, kulikuwa na bibi mmoja amekaa kando ya kitanda, nywele nyeupe tupu, amekonda. Nikamwamkia. Akanijibu kwa sauti ya mama yako.

Miaka miwili mnanieleza habari za Abrahamu. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyenieleza habari za Yunisi? Mngeniambia hilo tu, ningekwenda siku ile ile.

Baba yako,
Watson