Jezi Yako Bado Iko Wazi

Papa Kasongo,

Jezi yako bado iko wazi. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azunguke na salamu wakati kazi imemshinda. Miezi mitano imepita tangu tukuzike, na mimi Neema, mwanafunzi wako, sijaifunga.

Duka liko palepale Marshalltown, katikati ya jiji. Lifti ya jengo imekufa kabisa, wateja wanapanda ngazi wakihema halafu wananilaumu mimi. Ukutani zile jezi zinaning'inia kama ulivyoziacha. Saba zimeshonwa shingo, mikono na pindo, hata kidole hakipiti. Ya nane ni yako.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza? Nilidhani ni kosa la fundi. Nikashika mkasi nifumue shingo ya mojawapo, nikusaidie. Ulinidaka mkono, ukanifokea kwa Kiswahili chenu cha Lubumbashi: "Acha, mutoto! Mwenyewe alishakufa. Nguo ya mufu haibakie na mulango." Kisha ukanimiminia chai, ukanieleza habari zenu ninyi tisa. Wageni watupu, wafagiaji wa mazizi ya farasi kule Turffontein, mkajifunza besiboli, mchezo ambao kwenu hakuna aliyewahi kuuona. Ulizishona jezi kwa kitambaa cha magodoro kwa sababu kina mistari. Na mkachukua ubingwa wa mitaa yote ya kusini, mkiwashinda watu wenye viatu vya kweli. Ulikuwa ukisimulia hadi chai inapoa.

Kombe lilipotea, jezi zikabaki. Kila mwaka, Jumamosi moja, waliobaki walikutana uwanjani wakayaita majina yote tisa. Aliyekufa, wewe ulifunga jezi yake kabla ya siku hiyo, ili asije akajisumbua kuja. Mwaka jana mlikuwa wawili tu, wewe na Mzee Jakobo wa Tabora, yule mpigaji wenu.

Sasa nikuambie ukweli. Sikusahau. Baada ya mazishi nilitunga uzi kwenye sindano, nikaishika jezi yako, nikairudisha sindano kwenye kopo. Katika mji huu sina baba mwingine. Nilitaka uje.

Na ulikuja. Wiki ya kwanza nilikuta udongo mwekundu sakafuni, chini ya jezi yako tu, na mimi nilikuwa nimefagia. Wiki ya pili makwapa yalikuwa na unyevu. Halafu nikayasikia magoti yako, yale uliyoyaharibu kwa kuchuchumaa miaka yote nyuma ya mpigaji, ukidaka mipira kwa glavu yako: ko, ko, nyuma ya cherehani, mchana kweupe, huku mteja akinieleza habari za gauni lake. Sikuogopa, Papa. Nilifurahi. Nikawa nakuwekea kiti.

Kumbe sikuwa peke yangu niliyetembelewa. Mzee Jakobo alianza kuniletea jezi yake. "Binti, imenipwaya, ipunguze kidogo." Nikapunguza vidole viwili. Ijumaa iliyofuata akarudi, vidole viwili tena. Na iliyofuata. Hospitali hawakuona ugonjwa, na chakula anakula. Yeye anacheka tu: "Eish, binti, wananiita wale. Kasongo kachuchumaa pale pale pake, kanyoosha glavu. Anasema timu ni tisa, wamenibakiza mimi."

Mkewe, yule mama wa Kizulu, alizipanda ngazi zote zile akaja kuniuliza ninamfanyia nini mumewe kila Ijumaa. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nampima, kaupa ukuta mgongo. Nikaona mkono wa jezi yako umelala begani kwake. Dirisha lilikuwa limefungwa. Niliuondoa. Nilipoinama kuandika kipimo na kuinuka, mkono ulikuwa umerudi, na safari hii ulikuwa umejaa, kama wenye mkono wa mtu ndani. Mzee alikuwa amefumba macho, anatabasamu.

Hapo nilikukasirikia. Halafu nikajikasirikia zaidi, maana mlango niliuacha wazi mimi.

Kwa hiyo leo asubuhi nimeketi na sindano. Nimefunga pindo. Nimefunga mikono yote miwili, mshono mmoja mmoja ulivyonifundisha, bila kukimbilia. Ilipofika shingo nilishindwa, nikaingiza mkono ndani mara moja tu. Kulikuwa na joto. Kisha nikahisi nimeshikwa hapa kwenye kiganja, kwa nguvu ileile ya siku ya mkasi. Sikuuvuta. Nililia, nikakuita, nikakuambia nimekukosa, kila kitu nilichoshindwa kukisema kaburini. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Ukaniachia wewe mwenyewe.

Nimebakiza nafasi ndogo shingoni, ya kupita karatasi iliyokunjwa. Barua hii itaingia hapo, kisha nitalitaja jina lako, nitapiga fundo.

Jumamosi, siku yenu ya kila mwaka, nitakwenda uwanjani Turffontein na Mzee Jakobo. Nitachuchumaa mahali pako na glavu yako, nikidaka au nisidake, nitayaita majina yote naye atapiga. Siku yake ikifika kwa wakati wake, nakuahidi jezi yake nitaifunga siku hiyohiyo, sitafanya tena ubinafsi huu.

Lala sasa, Papa wangu. Waambie wenzako wasimwite. Nane mnatosha, chezeni hivyohivyo kwanza.

Neema