Beseni la Wifi

Jumamosi, 6 Aprili

Chama cha wakulima wa viazi kimetugawia daftari. Kila mtu aandike mvua na siku aliyopanda, eti itasaidia utafiti. Sawa. Mbele naandika mvua, nyuma naandika mambo yangu. Nani atafungua nyuma?

Leo mvua hakuna. Ila mambo yapo! Viazi vya fundi cherehani vimekufa. Vyote! Nimesikia kwa muuza mkaa, sikuamini, nikaenda kujionea kwa macho yangu. Nikaingia hadi katikati ya matuta. Jamani! Majani yamelala kama yameambiwa habari ya msiba. Fundi mwenyewe kakaa juu ya jiwe, kashika tama. Nikampa pole, nikachimba kiazi kimoja nione – kimeoza ndani, kinatoa usaha. Ptuu!

Sasa habari kama hiyo unakaa nayo? Nikatoka mbio kwa wifi, dada yake mume wangu. Shamba lake linapakana na letu. Chama kimemchagua azalishe mbegu za wanachama wote msimu ujao, basi siku hizi anatembea kama kameza mwiko. Langoni kaweka beseni la buluu lina maji ya dawa, ukifika ukanyage kwanza. Utadhani unaingia wodini! Mimi nikaliruka. Nikakata mkato katikati ya mbegu zake, maana nilimwona mke wa dereva anatokea upande wa pili, na yule angeniwahi kusema.

Nikamwahi! Wifi akashika mdomo. Raha.

Jumatano, 10 Aprili

Mkutano kwenye ghala la chama. Mwenyekiti kasema maneno yake ya siku zote – mbegu safi, soko, mabati ya zahanati yamefika, waliojitolea kupiga misumari waje Ijumaa. Tukapiga makofi. Halafu akasimama Bibi Mabuti. Ndiyo jina tulilompa mtafiti wa chama. Binti mdogo tu, lakini mabuti yanamfika magotini.

Akasema shamba la fundi limeingiwa na mnyauko. Ugonjwa hauna dawa. Shamba likishaingiwa, viazi hupandi tena miaka na miaka. Na unasafiri. Kwenye mbegu, kwenye majembe, kwenye maji, na – akainua buti juu watu wote tuone – kwenye udongo wa viatu.

Watu wakacheka alivyoinua mguu. Na mimi nikaanza kucheka. Halafu nikatazama miguu yangu.

Viatu vyangu. Vile vya plastiki. Jumamosi!

Mke wa dereva akanigeukia. "Mama Redio, leo mbona umezimwa?" Nikamwambia jino.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua kidogo. Nimesugua viatu kwa brashi mpaka rangi imetoka. Sasa ya nini?

Nimemuuliza Bibi Mabuti kwa mbali, kama namuulizia jirani, ugonjwa ukishaingia shambani unakaa muda gani ndio uonekane. Kasema inategemea, wiki mbili, tatu. Akaniuliza, jirani gani? Nikasema nimeacha chungu jikoni.

Jumapili, 28 Aprili

Siku ishirini na mbili. Nimehesabu humu humu kwenye daftari.

Wifi kaja asubuhi, hata kichwa hajafunga. Njoo uone, wifi, mimi sielewi. Nikaenda. Beseni nikalikanyaga mara tatu, mpaka akanishangaa. Mashina manne yamenyauka. Udongo una unyevu wake, majani yamelala. Na yako wapi? Pale pale nilipokata mkato! Tuta kwa tuta, kama nimeyahesabu mwenyewe.

Wifi hakulia. Alisema tu, watu mia mbili na kitu wanangoja mbegu hizi. Nitawatazama vipi?

Na mimi, mtu niliyetangaza harusi ya binti wa mwenyekiti kabla bwana harusi mwenyewe hajajua, sikusema neno. Nilimshika mkono tu. Ulimi mzito kama gunia.

Mume wangu wakati wa chakula kaniuliza, leo redio imekufa betri? Nikamwambia kula.

Jumatatu, 29 Aprili

Sijala. Bibi Mabuti anakuja kesho.

Jumanne, 30 Aprili

NIMEPONA! Sijui nianzie wapi.

Nianzie kwenye glasi. Bibi Mabuti kafika na mwenyekiti. Kakata shina moja karibu na udongo, kipande kama kidole, halafu akaomba glasi yenye maji safi. Wifi akatoa glasi ya wageni, ile ya maua, ambayo mimi miaka kumi na nane ya ndoa sijawahi kutiliwa hata maji. Kile kipande kikafungwa uzi, kikaning'inizwa ndani. Akasema kama ni mnyauko tutaona nyuzi nyeupe zinashuka kutoka kwenye shina, kama moshi. Tusiguse meza.

Tukakaa. Watu wanne tunaitazama glasi. Mwenyekiti akakohoa, wifi akamkemea, usikohoe utaitikisa! Dakika moja. Mbili. Nikauona uzi! Roho ikanitoka. Kuangalia vizuri – ni kikonyo cha ua lililochorwa. Dakika tano. Maji yale yale, ungeweza kunywa.

Wifi kanigeukia. "We wifi unaumwa? Hujasema neno tangu asubuhi."

Shina la pili. Safi. La tatu. Safi. La nne Bibi Mabuti kaling'oa lote – mizizi hakuna! Imetafunwa. Chini kuna tundu linaingia kwenye tuta. Akaanza kucheka. "Mama, mgonjwa hapa hakuna. Ni fuko huyu."

Fuko! Shamba zima lile, mnyama yule kachagua njia yangu!

Nikapiga vigelegele. Nikamkumbatia mwenyekiti, sijui kwa nini. Nikasema, "Ahsante Mungu, mimi nilidhani ni viatu vyangu!"

Wote watatu wakanigeukia.

Loo! Mdomo huu! Wiki tatu nimeufunga kwa shida, unakuja kufunguka wakati hakuna aliyeuliza.

"Viatu gani?" – wifi huyo.

Basi nikasema yote. Kwa fundi, matuta, beseni nililoruka, mke wa dereva. Mwenyekiti akaangalia mawingu. Bibi Mabuti hakufoka, ndio vibaya zaidi. Alichota udongo wa ile njia kwenye vifuko vitatu apeleke maabara. Akasema glasi imetupa moyo, na yeye haoni dalili mbaya, ila neno la mwisho ni la maabara, siku kumi. Wifi akaosha glasi, akaifuta, akairudisha kabatini. Hakuniangalia.

Lakini nimepona. Nimekula sahani mbili.

Alhamisi, 2 Mei

Wanachama tumejaa kwa fundi cherehani. Tumeng'oa viazi vyake vyote, tumefukia shimoni na chokaa. Wamempa mbegu za mahindi, na mifuko ya mbegu za chama msimu huu atashona yeye. Kacheka mara ya kwanza. Kasema afadhali cherehani haishikwi na mnyauko.

Langoni beseni. Mwenyekiti kaniweka mimi nilisimamie, eti mimi hakuna mtu anayenipita bila maneno. Kweli! Watu sabini nimewakanyagisha, wakiingia na wakitoka, na kila mmoja nimemsimulia nilivyoliruka la wifi. Kwa mdomo wangu mwenyewe. Mke wa dereva kafika na habari yake moto moto, kakuta watu wameshashiba. Nimemwahi tena!

Wifi kakanyaga, kapita. Kichwa tu kakitikisa kidogo.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua kubwa alfajiri, sasa imekatika. Maabara bado siku sita.

Nimeona nisingoje. Viatu nimeviosha nyumbani, nikaviosha tena kwenye bomba la zahanati, chini ya bati jipya. Nikafika langoni kwa wifi, nikapiga hodi. Katoka, kashika kiuno.

"Leo beseni umeliona?"

"Nimeliona, wifi."

"Ingia humo. Usitoke mpaka nikwambie."

Nimeingia. Naye kaingia ndani, kaniacha. Mke wa dereva kapita, nusura aanguke kwa kicheko. Nikamwambia pita zako, zamu yako inakuja. Sasa nifanye nini? Nimetoa daftari kwenye mfuko. Naandika nimesimama kama korongo, dawa inaniwasha vidole.

Nasikia kabati linafunguliwa.

Anatoka. Kabeba jagi – na glasi mbili. Za maua! Zile zile! Sasa hii ni heshima, au ndio ananiambia leo mimi ni mgeni? Kasimama kwenye matuta, ananitazama miguu. Namwona anabana mdomo asicheke. Au asiseme.

Glasi kaziweka juu ya nguzo ya lango. Anamimina. Ya kwanza. Ya pili.

Hajasema nitoke.