Fundi wa Mshumaa

Wiyoni, Lamu

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama. Natumai goti lako limepoa na kwamba yule ng'ombe mwekundu amezaa salama, maana mara ya mwisho Mama aliniambia anahema sana na hataki kulala. Kwangu mwili ni mzima. Joto ni lilelile, maji ya kisima yana chumvi hata chai haishiki sukari, nami nimezoea. Bado nakaa katika chumba cha Bi Khadija, na duka langu la kutengeneza redio na televisheni liko palepale. Nimeyatanguliza haya usije ukadhani barua inaleta habari ya ugonjwa.

Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Nimekupigia mara tatu kwa ajili ya jambo hili, na mara zote tatu uliposema "Halo, Wafula," nikakuuliza habari za ng'ombe. Mtu mzima wa miaka yangu, anamwogopa baba yake kwenye simu. Ndiyo maana nimenunua karatasi.

Uliniuliza maneno ya kuandikwa kwenye kaburi la mdogo wangu Simiyu, yule fundi wa saruji atakapokuja Desemba. Ulisema mimi ndiye mwenye kalamu nyumbani, nichague. Miezi miwili imepita sijakujibu. Nilisema nina kazi nyingi, na huo ulikuwa uongo. Kila nilipokaa kuandika, mkono ulikataa, na sikujua unakataa nini.

Unaikumbuka ile mashine ya gemu uliyotuletea kutoka Eldoret tukiwa shule ya msingi, tukapigania padi ya kuchezea mpaka Mama akaificha juu ya kabati. Ilikuwa inaunganishwa na televisheni kwa waya wa antena peke yake, na televisheni mpya uliyonunua ikawa haiielewi kabisa. Simiyu ndiye aliyeifungua. Aliichukua picha ndani kabisa, kabla haijafika kwenye kile kisanduku cha antena, akaipitisha kwenye transista moja na rezista tatu, akaitokeza nyuma kwa tundu la manjano, lile la video. Hakufundishwa na mtu. Alichora ramani kwenye karatasi ya daftari kwa kutazama simu ya rafiki yake.

Sasa kumbuka Krismasi ile. Nilikuwa nimeshuka kutoka basi la Mombasa na zawadi zangu, na moja ya zawadi hizo ilikuwa adapta mpya ya umeme ya ile mashine, kwa sababu Simiyu aliniambia ya zamani imeungua. Sebule ilijaa. Simiyu akavaa shati lake jeupe, akaunganisha, akawasha. Picha ikaja, ikaanza kupanda juu bila kusimama, michirizi myeusi ikipita katikati, kisha kioo kikawa cheusi. Akazima, akawasha tena, ikawa vilevile.

Alinigeukia akasema kwa upole wake ule, "Kaka, jana ilionyesha vizuri na adapta ya kuazima. Labda ni hii mpya."

Baba, hapo ndipo ninapotaka usome polepole. Mimi ndiye niliyesomea umeme. Mimi ndiye mwenye duka pwani. Nikatoa mita yangu ya kupimia umeme mfukoni, nikaichomoa adapta kwenye mashine, nikaipima mbele ya watu wote, na namba ikawa sawasawa kabisa na ile iliyoandikwa ubavuni mwake. Nikaizungusha mita ili kila mtu aione. Nikasema mita haina undugu. Kisha nikafungua mashine, nikakuta ameshikilia waya zake kwa nta ya mshumaa, kwa kuwa hakuwa na gundi ya moto kama tunayotumia sisi. Nikainua mashine juu nikasema, "Tazameni, fundi wa mshumaa."

Mlicheka. Mjomba Barasa alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Wewe pia ulicheka, na sikulaumu, kwa sababu mimi ndiye niliyewachekesha na nilikuwa nimejipamba kwa ujuzi. Simiyu naye alicheka. Alifunga mashine yake skrubu moja baada ya nyingine, akairudisha kwenye katoni.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, maana mimi nilirudi Lamu. Jina lile lilitoka sebuleni likafika sokoni. Ulinipigia Januari ukaniuliza kama ni busara kumpa Simiyu kile chumba cha barabarani afungue duka la redio, nami nikakujibu kwamba bado hajaiva, kwamba kazi yake ni ya mchezo. Ukampangisha muuza mahindi. Na Simiyu akaenda kwenye machimbo ya mawe, akakaa huko mwaka na miezi mitatu, mpaka ile siku ukuta wa mawe ulipomwangukia. Sisemi kwamba chumba kingemwepusha na kifo chake. Hayo ni ya Mungu. Nasema tu kwamba fundi wa redio hafi machimboni.

Baada ya mazishi shemeji Naliaka alinikabidhi katoni ile. Alisema marehemu alikuwa akiitazama mara moja moja, na kwamba nikiweza nimtengenezee Nekesa, apate kitu cha baba yake cha kuchezea. Nilikuja nayo huku nikaisukuma chini ya kitanda. Ulipoanza kuniuliza habari za kaburi ndipo nikaivuta. Niliwaza kwamba nikiitengeneza vizuri, labda na maneno yatakuja.

Nilipoifungua kitu cha kwanza kilinishangaza. Hapa kwetu chumvi iliyo hewani inakula kila kitu cha chuma. Kazi zangu mwenyewe hurudi dukani baada ya miezi michache zimeota ukungu wa kijani, nami humwambia mteja kwamba ndiyo Lamu. Katoni ile ilikaa chini ya kitanda changu karibu mwaka, tena upande wa dirishani. Vyuma vya mwili wa mashine vilikuwa na kutu. Chini ya nta ya Simiyu kila kiungo cha risasi ya kulehemu kilikuwa kinang'aa. Niliketi nikavitazama muda mrefu.

Ungedhani hapo ningejifunza. Sikujifunza. Picha ilikuwa inapanda na kufa vilevile kama siku ya Krismasi, na kichwani mwangu kosa lilikuwa tayari na mwenyewe. Nikakwangua nta. Nikayeyusha viungo vyake, kimoja baada ya kimoja, nikatoa transista yake na rezista zake, nikaziweka kwenye kifuniko cha kopo. Nikatia zangu, mpya, kwa risasi nzuri, kazi ya kupigwa picha. Ilinichukua siku mbili. Kilichobaki cha mkono wake ni waya mmoja mweusi wa ardhi, ambao niliuacha kwa sababu nilichoka.

Nikawasha. Picha ikapanda juu, michirizi ikapita, kioo kikawa cheusi.

Baba, nilikasirika na mashine. Niliirudisha chini ya kitanda nikasema basi.

Wiki iliyofuata niliitwa Kizingitini, kijiji kikubwa cha wavuvi kisiwani Pate, kwa Bwana Athmani anayenunua kamba wa baharini na kuwahifadhi kwenye friza za sola. Friza moja ilikuwa inazima kila baada ya dakika chache na kamba walikuwa wameanza kulegea. Nikapima betri, nikaona ni nzima. Nikapima tena, nzima. Nikamwambia tatizo ni mota na itabidi inunuliwe nyingine. Bwana Athmani hakusoma umeme, ni mtu wa samaki tangu utoto. Alikuwa amesimama nyuma yangu na mikono mgongoni, akaniambia, "Fundi, mbona waipima ikiwa imelala? Iwashe kwanda, ndipo upime."

Nikawasha friza nikiwa nimeshika mita. Mota ilipoanza kuvuta, namba ikaporomoka. Betri ilikuwa imekufa. Ikiachwa bila kazi ilionyesha uzima, ikitwishwa mzigo inaanguka.

Nilibadilisha betri, nikala chakula nilichoandaliwa, sikumbuki kilikuwa nini. Nilikuwa naiona ile adapta, jinsi nilivyoichomoa kwenye mashine kabla ya kuipima. Nilikuwa naiona sebule yetu.

Nilipofika Wiyoni sikuvua hata viatu. Nikaichomeka adapta ile ya Krismasi kwenye mashine, nikawasha mashine, ndipo nikapima. Namba ilishuka hadi karibu nusu, ikawa inatetemeka. Nikachukua adapta nyingine ya dukani, ya kawaida tu, iliyozeeka. Picha ikaja na ikasimama. Rangi zote zikawepo, ile bluu ya mbinguni na yale matofali mekundu tuliyokuwa tukiyaruka.

Bado nilijitafutia mlango wa kutokea. Nikajiambia labda imekubali kwa sababu viungo sasa ni vyangu. Basi nikatoa vifaa vyangu vyote, nikatandika mezani ramani ya Simiyu iliyokuwa ndani ya katoni, nikarudisha transista yake na rezista zake kutoka kwenye kifuniko cha kopo, kila kimoja mahali alipokichora. Nikawasha. Picha ikasimama vilevile, safi. Tangu mwanzo hakuwa amekosea kitu. Alinionyesha kosa kwa mdomo wake, mbele ya watu, na lilikuwa zawadi yangu.

Nililia, Baba. Kwenye mazishi nilikuwa nashughulika na viti na hema, sikulia. Siku hii nililia mpaka Bi Khadija, mama mwenye nyumba wangu, akagonga mlango na sahani ya mkate wa mofa. Ni mama wa makamo, hapendi maneno mengi. Akasema kwa Kiamu chake, "Ndoo ule, mwanangu. Mato yamekuwa mekundu, kuna nini?" Nikamwambia yote. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, kisha akauliza kama ndugu yangu nilimwambia kuwa mkosa ni mimi. Nikamjibu amekufa, Bi.

"Babako yu hai," akasema. Akaacha sahani akaenda zake.

Ndiyo barua hii. Nilisema uongo sebuleni kwako, bila kujua kuwa ni uongo, lakini kwa kiburi ninachokijua. Nikausema tena kwenye simu ulipouliza habari za chumba. Nimemnyima mdogo wangu jina lake la kazi akiwa hai, na alipokufa nikayeyusha kazi yake kwa mkono wangu nikitafuta kosa lisilokuwepo. Sijui mtu anaombaje msamaha kwa kitu cha namna hiyo. Nakuomba wewe, na Mama, na shemeji Naliaka. Nakuomba barua hii isomwe kwa sauti sebuleni, na wote waliokuwepo Krismasi ile wakiwepo, maana walicheka kwa sababu yangu na hawajui walimcheka nani.

Mashine namtumia Nekesa kwa mkono wa mwalimu mmoja jirani yangu anayekuja likizo Webuye. Adapta iliyomo ndani ya katoni ni nzuri, nimeipima ikiwa kazini. Ile yangu nimeitundika kwenye msumari dukani, juu ya meza, mahali ninapoiona. Kabla ya kuifunga mashine nilinunua mshumaa, nikadondosha nta yake juu ya kila kiungo kama alivyofanya yeye. Ukiifungua utaona waya mmoja mweusi ambao nta yake ni ya zamani, imegeuka manjano. Huo ni wa mkono wake. Mwonyeshe Nekesa, na asiruhusu fundi yeyote auguse, hata mimi.

Kuhusu kaburi, mstari wa Biblia achague Mama. Langu ni neno moja tu. Liandikwe chini ya jina lake, kwa herufi kubwa zinazoonekana kutoka barabarani: FUNDI.

Msalimie Mama, mwambie shuka alilonipa bado ninalo. Msalimie shemeji Naliaka, mke wa ndugu yangu, na umwambie nitamtazama usoni nikija. Mbusu Nekesa, mwanetu. Msalimie Mjomba Barasa, aliyecheka kuliko wote, na umwambie simlaumu. Na yule muuza mahindi kwenye chumba cha barabarani, msalimie pia, yeye hana kosa.

Krismasi nitakuja. Msiogope kulitumia tena lile jina la utani, ila mlihamishe. Mkiniita Fundi wa Adapta, nitaitika.

Mwanao,
Wafula